Kupiga Picha Makundi ya Heroe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na walimu)



Tumeombwa kusema juu ya kazi ya kupiga picha ndege wa mwituni wanapokusanyika kwa maelfu katika nchi yao wenyewe. Twajua kwamba baadhi yenu mlipolisikia neno hili mlitabasamu. Mkulima wa mtama analijua kundi moja kubwa la ndege, nalo ni kundi la kwelea, wala hahitaji picha yao. Anahitaji waondoke kabla mtama haujakwisha. Hatuwezi kumlaumu. Lakini ndege tutakaowataja leo hawali mtama, wala uwele, wala mpunga, na shamba lao ni mahali ambapo mwanadamu hawezi kupanda hata mche mmoja. Hao ndio heroe.

Waliokaa karibu na maziwa ya magadi wanawafahamu. Kwa wengine tutaeleza kidogo. Heroe ni ndege mwenye miguu mirefu mno na shingo ndefu, na mdomo wake umepindika kwa chini, kwa sababu hula akiwa ameinamisha kichwa hata mdomo ukawa juu chini majini. Katika Afrika ya Mashariki wako wa namna mbili. Heroe mkubwa ni mweupe mwenye wekundu kidogo, na akisimama wima aweza kumfikia mtu mzima kifuani na kupita. Heroe mdogo ni mfupi kuliko yeye, mdomo wake ni wa rangi ya damu iliyoiva, na mwili wake una wekundu zaidi. Huyu mdogo ndiye anayekusanyika kwa wingi wa kutisha. Chakula chake ni mwani mdogo sana uotao katika maji ya magadi, ambao jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, ila huonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa ziwani. Wekundu wa manyoya yake watoka katika chakula hicho. Kifaranga huzaliwa na rangi ya majivu, na hukaa muda mrefu na rangi hiyo kabla hajawa kama wazazi wake. Tafadhali likumbukeni jambo hilo la majivu, maana tutalihitaji mbele.

Wataalamu hukadiria kwamba heroe wadogo wa Afrika ya Mashariki ni kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5. Huhama kutoka ziwa hata ziwa, kutoka Bogoria na Nakuru na Elmenteita huko Kenya, mpaka Manyara na Natron huku Tanzania, wakifuata chakula. Safari zao hufanya usiku. Mtu aliyelala kwake husikia sauti zao juu ya paa kama sauti za bata walio mbali, na asubuhi akienda ziwani huona maji matupu, au huona ufuo mwekundu ambao jana haukuwako. Kwa ajili hiyo picha za heroe walio safarini ni adimu sana, nasi hatujaona mpiga picha anayejisifu kwa kazi hiyo.

Wanakula katika maziwa mengi, lakini mahali pa kuzalia ni pengine. Karibu wote wa Afrika ya Mashariki huzaa katika ziwa moja, nalo ni Natron, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mpaka wa Kenya, chini ya mlima wa moto uitwao Ol Doinyo Lengai. Husemwa kwamba robo tatu za heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa hapo. Ziwa hilo si refu kwenda chini, hata mita tatu halifiki, na jua la mahali pale ni kali. Maji hupata moto sana kwa joto la jua na la chemchemi za moto, nayo magadi hushikamana juu yake kama ukoko wa uji. Maji yakipungua kiasi, katikati ya ziwa hutokea visiwa vya tope, na heroe hujenga juu yake viota vya tope kama vichuguu vidogo vilivyokatwa vichwa. Katika kila kiota huwekwa yai moja tu. Mke na mume hulilalia kwa zamu siku zipatazo 28. Fisi hawezi kufika huko, mbweha hawezi, wala mtu hawezi ila kwa hatari kubwa. Tope na magadi ndiyo boma lao.

Sasa mtauliza, picha ni za nini? Si kwamba ni nzuri kutundika ukutani tu?

Ni nzuri, hatukatai. Lakini fikirini hivi. Mtu akirudi kutoka ziwani akasema ameona ndege wengi sana, hajatuambia kitu. Jirani yake akisema mwaka huu wamekuwa wachache, naye hajatuambia kitu, maana wengi wa huyu na wachache wa yule havina pishi moja la kupimia. Jicho la mwanadamu lahesabu kumi, lahesabu ishirini, na kwa shida lahesabu mia ikiwa wametulia. Likiona laki moja hupumbaa. Picha haipumbai. Ndege aliyemo amekaa pale pale, hageuzi kichwa wala haruki, nawe waweza kumhesabu leo, na kesho akaja mtu mwingine akamhesabu tena ili ajue kama ulisema kweli.

Namna ya kuhesabu ni hii. Eropleni hupita juu ya ziwa kwa mstari ulionyoka, na picha hupigwa moja baada ya nyingine, ukingo wa hii ukiingia kidogo katika ukingo wa ile ili pasiachwe nafasi. Baadaye picha hutandikwa mezani, huchorwa mistari ya miraba midogo, na mtu huhesabu mraba kwa mraba, akitoboa kila ndege kwa ncha ya sindano ili asimrudie. Siku hizi kompyuta husaidia, lakini bado lazima mtu asahihishe. Ni kazi ya kuumiza macho na shingo. Sisi tulio makarani twaiheshimu kuliko watu wengine, kwa kuwa twajua maana ya kufikia safu ya mwisho ya hesabu kisha ukasikia mtu anakusemesha, ukalazimika kuanza upya.

Na hapa ndipo majivu yanapokuja. Katika picha iliyopigwa vema, wakubwa ni wekundu na wadogo ni wa kijivu. Kwa kuhesabu wa kijivu twajua kama mazao ya miaka ya karibuni yalifanikiwa. Ndege hawa huishi miaka mingi. Basi ziwa laweza kujaa wekundu, watu wakafurahi, na kumbe ni wazee watupu wasio na watoto. Kijiji chenye wazee wengi na shule tupu ninyi wenyewe mwajua hatima yake.

Tena ipo sababu ya pili. Picha ya heroe mmoja, kichwa na shingo tu, yaweza kupigwa hata katika bustani ya wanyama huko Ulaya. Haisemi ni wapi wala ni lini. Lakini picha yenye kundi zima, na maji yalipofika, na ufuo mweupe wa magadi, na Ol Doinyo Lengai nyuma yake, hiyo ni shahidi. Yasema: tarehe fulani, mahali fulani, ndege walikuwa kiasi hiki na maji yalikuwa hapa. Kwa hiyo twapenda kuwashauri wenye kamera, wasiwe na haraka ya kumvuta ndege karibu mpaka nchi yake ikapotea. Mpiga picha ambaye hatoki nyumbani bila lenzi yake ndefu mara nyingi hurudi na picha mia za macho na midomo, na hana hata moja ya ziwa.

Kazi hii ina wazee wake. Huko Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, watoto wa mashambani. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai mahali pake pale pale, na mwaka 1895 wakatoa kitabu cha viota vya ndege wa nchi yao, chenye picha zilizopigwa kwa kamera badala ya kuchorwa kwa mkono. Kamera za siku zile zilikuwa nzito, nazo zilitaka kusogezwa karibu sana. Basi walitafuta hila. Walitwaa ngozi ya ng'ombe, wakaitandaza juu ya fremu ya mbao, Richard akaingia tumboni pamoja na kamera, akasimama malishoni kama ng'ombe anayecheua. Ndege hawakumwogopa. Lakini siku moja alizidiwa humo ndani, ng'ombe akaanguka, miguu ikaelekea mbinguni, na ndugu yake alipofika alimpiga picha kwanza ndipo akamtoa. Wale waliochunga ng'ombe hapa watapata la kusema juu ya ng'ombe huyo.

Hila hiyo imebaki mpaka leo, ingawa ng'ombe ameachwa. Siku hizi hujengwa kibanda kidogo cha turubai au cha majani. Hujengwa kidogo kidogo, leo nguzo, kesho paa, ili ndege wazoee. Mmarekani Frank Chapman alitumia kibanda cha namna hiyo mwaka 1904, katika kisiwa cha Andros huko Bahama, akapiga picha za heroe wa nchi zile katikati ya viota vyao. Aliweza kwa sababu tope la Bahama lilimruhusu kufika, na kwa sababu alikaa kimya mpaka ndege wakamsahau. Natron hairuhusu.

Juu ya hili la Natron kuna habari ya mtu mmoja ambayo yafaa kila mpiga picha aijue. Leslie Brown alikuwa ofisa wa kilimo katika Kenya, na alipenda ndege kupita kiasi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiuliza heroe wadogo wanazaa wapi, na katika vitabu hapakuwa na jibu la hakika. Mwaka 1954 Brown alipanda eropleni akapita juu ya Natron, akaviona viota katikati ya ziwa, maelfu kwa maelfu. Hakutosheka. Alitaka kufika kwa miguu. Akaanza kutembea juu ya ukoko wa magadi, ukamchukua kwa muda, kisha ukaanza kuvunjika chini yake, tope likamshika miguu, na magadi yakaingia viatuni. Akageuka kurudi. Alitoka nusura afe, miguu imeungua vibaya, akalazwa hospitali kwa majuma. Baadaye aliandika kitabu juu ya ndege hao, nacho kinasifiwa. Lakini viota vya mwaka ule aliviona vizuri zaidi alipokuwa hewani kuliko alipokuwa topeni.

Basi mgeni anayekuja Natron na kamera hatapata viota. Atapata ndege wanaokula pembeni, na wale wanaokuja kwenye chemchemi za ufuoni kunywa na kuoga, kwa kuwa heroe naye huhitaji maji yasiyo makali. Hapo kuna kazi ya kutosha. Tueleze namna yake.

Mwanga wa kufaa ni wa asubuhi, tangu kucha mpaka kama saa mbili na nusu, na wa jioni baada ya saa kumi na moja. Katikati ya mchana ufuo hutoa mazigazi. Hewa ya moto hutetemeka juu ya magadi, na kadiri lenzi inavyokuwa ndefu ndivyo mtetemeko unavyokuzwa, hata ndege aliye mbali huonekana kama nguo nyekundu inayofuliwa. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoponya jambo hilo. Dawa yake ni kulala kivulini mpaka jioni.

Jambo la pili ni weupe. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudanganywa na magadi. Huona nchi nyeupe, hudhani mwanga umezidi, hufunga jicho lake, na picha hutoka ya giza, ndege wekundu wakawa wa rangi ya matofali. Yapasa kuipa kamera mwanga zaidi ya unaoutaka wenyewe. Lakini usizidishe, maana wekundu wa heroe ni mwepesi kupotea, na ukipotea haurudi.

Tatu, mahali pa kusimama. Ukipiga ukiwa chini sawa na ndege, kundi la elfu kumi laonekana kama mstari mmoja mwekundu, wa mbele akiwafunika wa nyuma. Ukipanda mwinuko wowote, hata wa mita kumi, mstari hufunguka ukawa uwanja, na sura ya kundi huonekana: wanavyofuata ukingo wa maji, wanavyoacha njia kati yao, wanavyopinda kama mto. Natron ina vilima kando yake. Tena vumbi la magadi ni adui wa kamera. Huingia katika kila tundu, na likikutana na jasho hula chuma. Jioni kila kitu kifutwe, kwanza kwa brashi kavu, ndipo kwa kitambaa.

Lakini yote hayo mtu hujifunza kwa siku chache. Lililo gumu kujifunza ni umbali. Heroe haruki mara moja anapomwona mtu. Kwanza wale wa pembeni huacha kula na kuinua vichwa. Kisha vichwa huinuka kundi zima, shingo zikasimama kama mianzi. Kisha huanza kutembea, wote upande mmoja, mwendo wa haraka usio na kelele. Ndipo huruka. Mtu mwenye busara husimama kwenye ishara ya kwanza, huchutama, na ikiwa vichwa havishuki hurudi nyuma. Anayengoja ishara ya tatu amekwisha chelewa. Na wako wageni, twasema kwa masikitiko, ambao huwarusha kwa makusudi, kwa kupiga makofi au kumtuma kijana akimbie ufuoni, ili wapate picha ya mabawa. Mabawa yake ni mazuri kweli, mekundu na meusi. Lakini heroe hula saa nyingi ili ashibe, kwa kuwa chakula chake ni kidogo kuliko chembe ya unga. Akirushwa mara kumi kwa siku amekatizwa chakula mara kumi. Tena ili aruke hukimbia kwanza juu ya maji akiukabili upepo, nayo ni kazi ya nguvu. Kijana wetu anayetumwa kukimbia apewe habari hizi, akatae.

Kwenye viota madhara huwa makubwa zaidi. Ndege wakiinuka kwa hofu, yai hubaki juani, na jua la Natron halina huruma. Kisha huja marabu, yule korongo mkubwa mwenye kipara ambaye ninyi mnamwona machinjioni akingoja matumbo. Marabu wachache wakiingia kati ya viota hula mayai na vifaranga, na hofu yao yaweza kulifanya kundi zima liache viota. Sinema moja juu ya heroe wa Natron, iitwayo The Crimson Wing, iliyotolewa mwaka 2008, imewaonyesha marabu wakifanya kazi hiyo. Kwa kuwa jozi ina yai moja, na miaka mingine hawazai kabisa kwa sababu maji hayakuwa kiasi, kuwaharibia mara moja ni kuwaharibia mwaka.

Ndiyo sababu twaona mashaka juu ya zile ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengine huziita droni, zenye kamera tumboni. Ni kweli zafika mahali ambapo Brown hakufika. Zikiongozwa na mtu mwenye ujuzi, juu sana, kwa kazi ya hesabu, zaweza kufaa kuliko eropleni. Zikiongozwa na mtu anayetafuta sifa, akashuka mpaka kivuli kikapita juu ya viota, basi heroe huona kivuli hicho kama kivuli cha kwazi. Katika Tanzania kifaa hiki hakiruhusiwi kurushwa bila kibali cha serikali. Mgeni akileta, aulizwe kibali kabla hajafungua sanduku lake. Kuuliza hakuvunji ukarimu.

Asije mtu akadhani twasema kwamba mwanadamu asiwakaribie ndege hao kamwe. Mwaka 1962 walikaribiwa, na ikawa heri. Mvua za wakati ule zilikuwa kubwa mno, Natron ikajaa, visiwa vya tope vikazama. Heroe wakahamia ziwa Magadi upande wa Kenya, wakazaa huko, idadi isiyopata kuonekana. Lakini maji ya Magadi ni mazito kwa chumvi kupita ya Natron. Vifaranga walipoanza kutembea, magadi yaligandamana miguuni mwao, yakawa pete ngumu, kisha yakawa pingu. Kifaranga akivuta pingu hizo huchoka, hulala, hufa. Alan Root, kijana wa Kenya ambaye baadaye alijulikana sana kwa sinema zake za wanyama, alikuwako pamoja na Brown na wengine. Kamera ziliwekwa kando. Watu waliingia majini, wakawashika vifaranga mmoja mmoja, wakavunja pingu kwa kuzigonga polepole. Vifaranga wapatao 27,000 walifunguliwa hivyo kwa mikono, na maelfu mengi zaidi walisukumwa kwenda kwenye maji mepesi kabla hawajafungwa. Picha za siku zile zipo. Zaonyesha mguu mwembamba kama bua, na juu yake donge la magadi kubwa kama ngumi ya mtoto. Watu wa mbali walipoziona hawakuhitaji maelezo.

Nguvu hiyo ya picha ilionekana tena. Kati ya mwaka 2006 na 2008 palikuwa na shauri la kujenga kiwanda kikubwa cha magadi Natron. Wako waliosema kitaleta kazi na barabara, na neno la kazi si neno la kudharauliwa katika nchi kavu kama ile. Wako waliosema kwamba mabomba na taa na watu vitawafukuza ndege wasirudi, na ndege hawana Natron ya pili. Shauri lilijadiliwa sana, ndani na nje ya nchi, na kampuni iliyotaka kujenga ikajitoa mwaka 2008. Hatusemi picha ndizo zilizoamua. Twasema kwamba watu wengi walioshika kalamu kuandika juu ya jambo hilo hawakuwahi kukanyaga Natron, lakini waliweza kusema walikuwa wanasema juu ya kitu gani.

Tugeuke sasa kwa Nakuru, kwa kuwa mambo yake yanawahusu walimu. Ziwa lile lilikuwa na sifa duniani kote. Mmarekani Roger Tory Peterson, mchoraji wa vitabu vya ndege, alilisifu kuliko mahali pengine pa ndege alipopaona, na mwaka 1968 likawekwa kuwa hifadhi ya taifa. Picha za ufuo mwekundu wa Nakuru zimo katika vitabu vya shule mpaka leo. Lakini tangu miaka ya 2010 maji yalipanda, yakafunika miti na barabara, chumvi ikapungua nguvu, mwani ukapungua, na heroe wengi wakaenda Bogoria na kwingine. Mtoto anayesoma kitabu kile kisha akapelekwa Nakuru huuliza ndege wako wapi. Mwalimu atamjibu nini ikiwa hana picha za miaka ya katikati? Picha moja nzuri ya zamani na picha moja ya leo hazitoshi. Zaonyesha kwamba jambo limebadilika, hazionyeshi lilianza lini.

Kazi hiyo walimu wa shule zilizo karibu na maziwa wanaiweza, wala haihitaji lenzi ndefu. Simu ya mkononi yatosha. Lichaguliwe jiwe moja lisilohamishika, mahali pa juu, mbali na chemchemi wanazokunywa ndege. Mtu asimame hapo, aelekee upande ule ule kila mara, mlima fulani au mti fulani uwe ukingoni mwa picha, apige mara moja kwa mwezi, saa ile ile ya asubuhi. Hata ndege wasipokuwako apige. Twasisitiza hili, maana wengi hupiga wakiona wekundu tu, na ufuo mtupu huona hauna habari. Ufuo mtupu una habari nyingi. Akimaliza, aandike katika daftari la shule tarehe, maji yamefika wapi, ndege wakubwa walikuwako au hapana, na kama wa kijivu walionekana.

Na ninyi wazee wa vijiji vya ufuoni, kama vile Engare Sero, mnao ujuzi usioandikwa. Mnajua ukoko wa magadi ni mgumu wapi na ni wa uongo wapi. Mnajua ndege hushuka chemchemi gani na kwa saa ngapi. Mgeni hulipa apelekwe, nayo ni haki. Tungependa tu kwamba bei ya kumwonyesha kilima iwe njema kwa kijiji kuliko bei ya kumpeleka majini, ili kijana anayeongoza asishawishike. Mgeni akisema kilima ni mbali mno, aonyeshwe picha iliyopigwa kutoka hapo. Kwa hiyo yafaa kijiji kiwe na chache zilizochapwa. Zihifadhiwe ndani ya bati lenye kifuniko, na vumbi la magadi lisiingie. Nyuma ya kila moja iandikwe tarehe na jina la kilima, kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya mpaka upande wa pili.